Daftari la seva, Mwanza

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Matengenezo ya kawaida ya usalama ya Debian 11 yanakoma tarehe 14 mwezi huu. Baada ya hapo inabaki LTS, na mimi sitaki seva inayobeba ramani za visima iishi kwa LTS. Nimekubaliana na mkuu: tunahamia Debian 12 siku ya Nane Nane, ofisi ikiwa imefungwa.

Debian yenyewe hainitishi, inayajua mafaili yake moja moja. Kinachonikosesha usingizi ni /usr/local. Mkandarasi aliyeifunga seva hii kabla sijaajiriwa alikompaili kila kitu kwa mkono: PROJ, GEOS, GDAL, Python 3.10, na vingine ambavyo bado sijavitambua. Vyote akavimwaga kwenye /usr/local kwa sudo make install, akalipwa, akaaga. Hakuacha hata karatasi moja.

Leo nimeiuliza dpkg: dpkg -S /usr/local/bin/ogr2ogr. Imejibu kwamba hakuna kifurushi chenye njia hiyo. Haijakosea. Sera ya Debian inakataza kifurushi chochote kuweka faili ndani ya /usr/local. Kinachoruhusiwa ni kuunda saraka tupu tu. Eneo lile limeachiwa msimamizi wa mashine, afanye atakavyo, na mfumo usiliguse. Kwangu mimi hapo ndipo pagumu, kwa sababu msimamizi aliyefanya alivyotaka hayupo, na mashine haina kumbukumbu ya alichofanya.

Nimemsimulia mtunza stoo wakati wa chai. Hajui seva ni nini lakini amenielewa mara moja: mali bila daftari hupotea bila habari. Nimemwambia hii haijapotea, imezidi.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepata pa kuanzia. Chini ya /usr/local/src kuna folda la PROJ ambalo mkandarasi hakulifuta, na ndani yake limo faili la config.log. Watu hulifungua faili hili configure ikigoma tu, kumbe karibu na juu kabisa limenakili amri ya configure kama ilivyoandikwa siku ile, na chaguo zake zote. Hapa imeandikwa ./configure, basi. Hakuna --prefix, hakuna chochote.

Kwa hiyo hakuchagua /usr/local. Alichaguliwa. Autoconf, usipoiambia kitu, huweka kila kitu /usr/local. CMake nayo hufanya vivyo hivyo kwenye Linux na jamaa zake. Zipo programu zenye adabu kidogo: PostgreSQL ukiikompaili bila kuitajia mahali inajichimbia /usr/local/pgsql, na seva ya wavuti ya Apache inakwenda /usr/local/apache2, kila moja na bin yake na lib yake. Ukitaka kuing'oa, unafuta folda moja. PROJ na GDAL hazina tabia hiyo. Zinatawanyika: kipande bin, kipande lib, kipande include, kipande share, zikichanganyika na wenzao.

Kijana wa fildi ameniuliza swali zuri. "Madam, kama /usr/local inaleta shida hivi, si tungeweka /usr moja kwa moja, pamoja na za Debian?" Nimemwonyesha. Nimechukua faili moja ndani ya /usr/share ambalo ni la kifurushi kidogo kisicho na madhara, nikaandika upuuzi ndani yake, kisha nikakisakinisha upya kifurushi kile. Upuuzi umefutika na dpkg haikuuliza neno. Inauliza tu kuhusu mafaili ya mipangilio, yale ambayo kifurushi kimeyatangaza kuwa ni mipangilio. Mengine yote inayaona ni yake. Ukiweka ogr2ogr yako ndani ya /usr/bin, siku matengenezo ya usalama yakija utabaki na nusu yako na nusu ya Debian: programu ya toleo lako ikitafuta laibrari ya toleo lao. Amenyamaza kidogo halafu akasema, "Yaani unakuwa umejenga kwenye kiwanja cha mtu." Sawa, naukubali mfano wake. Nimemwomba asiongeze mwingine.

Jioni nimekuta ndani ya /etc/environment mstari huu: PROJ_LIB=/usr/local/share/proj. Nimeuandika pembeni kwa wino mwekundu.

Jumatano, 7 Agosti

Mzee wa ramani amepita kuulizia kama kesho atapata picha zake. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, usije ukanizimia mambo yangu." Nimemuuliza kwa nini GDAL ilikompailiwa kwa mkono wakati Debian wanayo tayari. Huyu ndiye mtu pekee hapa anayejua, maana yeye ndiye aliyeomba.

Sababu ni picha za anga. Zipo kwenye diski za zamani, zimebanwa kwa muundo wa ECW. GDAL inaweza kuzisoma, lakini kwa kutumia laibrari ya kampuni yenye leseni ambayo hairuhusu Debian kuisambaza. Hivyo GDAL ya Debian huja bila ECW, na anayeitaka ECW anajikompailia mwenyewe.

Hiyo ni sababu halali, na ni ya GDAL peke yake. PROJ haikuwa na sababu, wala GEOS, maana matoleo ya Debian yangetosha. Nahisi mkandarasi alifuata mwongozo fulani hatua kwa hatua, kuanzia msingi hadi paa, bila kujiuliza ni hatua ipi aliyoihitaji. Na kila laibrari unayoikompaili mwenyewe ni laibrari ambayo habari zake za usalama utazifuatilia mwenyewe. Debian hawatakupigia simu.

Nimefanya bakapu. Ya pili nimeipeleka nyumbani.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Kazi imekwisha saa kumi na moja jioni. Debian 12 imewaka bila kelele. Nimepitisha apt autoremove kufagia laibrari zilizoachwa, nikaandika ogrinfo, nikapata nilichokitarajia: programu imeshindwa kuwaka kwa sababu haioni libpoppler.so.102.

Hapa pana somo la kijana wa fildi kesho. GDAL ya /usr/local haikuguswa hata baiti moja. Debian imeheshimu mpaka. Lakini yule aliyeikompaili aliiunganisha na laibrari za Debian 11, na poppler ya Debian 11 ilikuwa namba 102. Ya Debian 12 ni 126. Ile ya zamani haina tena kifurushi kinachoihitaji, kwa jinsi apt inavyojua, na apt haijui kama kuna GDAL ndani ya /usr/local inayoitegemea. Imeiondoa kwa nia njema. Programu iko pale pale ilipokuwa, ila haina pa kusimama.

Basi /usr/local inakulinda usifutwe. Haikulindi usiporomokewe na vilivyo chini yako. Kila mfumo ukipanda toleo kubwa, ulichokikompaili kinabidi kikompailiwe tena, na kwa hiyo ni lazima ujue ulikikompaili vipi.

Nimesakinisha gdal-bin ya Debian ili watu wawe na kitu cha kutumia kesho, toleo 3.6.2. Kisha nikaandika type -a ogr2ogr na terminali ikanipa mistari miwili, mmoja juu ya mwingine:

ogr2ogr is /usr/local/bin/ogr2ogr
ogr2ogr is /usr/bin/ogr2ogr

Wa juu ndio unaoitwa. Debian hutanguliza /usr/local/bin kwenye PATH, maana kama msimamizi kajitesa kukompaili kitu basi bila shaka anataka kiitwe hicho. Leo kinachoitwa ni maiti. Nimelibadilisha jina faili hilo, nikaongeza .zamani mwishoni mwake, na bash bado ikaendelea kuulilia mlango wa zamani mpaka nilipoandika hash -r. Hukumbuka njia ya kila amri iliyokwisha kuiita, ikisharidhika haitafuti upya.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefika ofisini nikakuta barua pepe ya cron. Kazi ya usiku inayobadilisha visima kutoka ramani za zamani kwenda WGS 84 imegoma. PROJ inalalamika kwamba faili la proj.db ililopewa limetoka kwenye usakinishaji mwingine wa PROJ.

Wino mwekundu. Mstari wa PROJ_LIB kwenye /etc/environment unamfuata kila mtu anayeingia, hata cron, kwa sababu cron ya Debian nayo hulisoma faili lile kupitia PAM. PROJ ya Debian ni 9.1.1. Inawaka vizuri, inaambiwa hifadhidata yako iko /usr/local/share/proj, inakwenda huko, inakuta hifadhidata ya PROJ 7 ya mkandarasi. Nashukuru kwamba imekataa kwa sauti.

Maana ingekosea kimya, tungeumia. Ramani za zamani za 1:50,000 za nchi hii zimejengwa juu ya Arc 1960. Kwa upande wetu wa Mwanza ni EPSG:21036. GPS za wapima zinatoa WGS 84, EPSG:32736. Namba zinafanana kwa sura, zote ni mita, zote kanda ya 36 kusini. Ukichukua nukta ya Arc 1960 ukaisoma kama WGS 84 bila kuibadilisha, kisima kinahama karibu mita 300, zaidi upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 huku kwetu ni kitongoji kingine, na fundi wa pampu aliyetumwa kwa pikipiki atazunguka mashamba ya watu akitafuta bomba lisilokuwepo.

Nimeufuta mstari ule. Njia za laibrari na hifadhidata hazifai kuwekwa kwenye mazingira ya mashine nzima. LD_LIBRARY_PATH ni hivyo hivyo: ukiiweka kwenye /etc/environment umezibadilishia laibrari programu zote, hata zile ambazo hazikuhusu. Programu ijue yenyewe laibrari zake ziko wapi, kwa njia iliyoandikwa ndani yake wakati wa kukompaili.

Jambo jingine nimeliona nikiwa humo. Crontab za watumiaji kwenye Debian huanza na PATH fupi, /usr/bin na /bin tu. Kwa hiyo miaka yote hii, mzee akiwa mbele ya kompyuta alikuwa anaitumia ogr2ogr ya mkandarasi, na kazi ya usiku ingeitumia ya Debian kama ingekuwepo. Haikuwepo, kwa hiyo aliyeandika kazi ile alitaja njia nzima, ambayo Alhamisi niliigeuza kuwa ya /usr/bin. Kwa bahati au kwa akili, sijui, ila kazi za usiku nitaziandika hivyo hivyo.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya kanisa nimekaa na FHS, ule waraka wa mpangilio wa mafaili. Toleo la kwanza kabisa, likiitwa FSSTND, lilitoka 14 Februari 1994. Tunalotumia sasa, 3.0, ni la 2015. Sehemu ya /usr/local ni fupi. Ni kwa ajili ya msimamizi anaposakinisha programu za hapo alipo, na mfumo unapojisasisha usiandike juu yake. Sehemu ya /opt inazungumzia kitu kingine: vifurushi vya nyongeza, kila kimoja na folda lake zima, mipangilio yake ikiwa /etc/opt na data zake /var/opt. Ndiyo maana programu za kampuni, zile zinazokuja zimekwisha kukompailiwa, hupenda kukaa /opt.

Wapo wanaoweka hata vitu vyao walivyokompaili ndani ya /opt, kila toleo na folda lake, na sioni kosa. Ninachokipinga ni kudhani kwamba jina la saraka litakufanyia kazi. /opt iliyomwagwa ovyo ni sawa na /usr/local iliyomwagwa ovyo.

Na /usr/local si ya msimamizi kila mahali. Kwenye FreeBSD ni makao ya ports na vifurushi vya pkg, pamoja na mipangilio yake ndani ya /usr/local/etc. Mtu aliyezoea Linux akifika huko akaandika make install bila kufikiri, anamwaga vyake katikati ya vya pkg, kosa lile lile nililomwonyesha kijana Jumanne. OpenBSD nayo huweka vifurushi vyake /usr/local. NetBSD walijitenga wakachagua /usr/pkg. Homebrew kwenye Mac za Intel ilijimilikisha /usr/local yote. Zilipokuja Mac za chipu za Apple ikahamia /opt/homebrew, wakati MacPorts walikuwa /opt/local tangu zamani. Ukihama mashine, la kwanza ni kuuliza /usr/local ya hapo ni ya nani.

Jumatatu, 12 Agosti

Siku ya kufagia.

PROJ ilikuwa rahisi. Folda la msimbo chanzo lipo, Makefile ipo, nimeandika sudo make uninstall ikang'oka. GEOS ilijengwa kwa CMake na folda la kujengea lilikuwa bado lipo, kwa hiyo install_manifest.txt imo, orodha ya kila faili lililowekwa. Nimeipitisha kwenye xargs rm baada ya kuisoma yote kwa macho.

GDAL ndiyo iliyonitoa jasho. Msimbo chanzo ulifutwa. Nimefanya hivi: laibrari iliyobaki imeniambia yenyewe ni toleo la 3.2, maana libgdal.so yake ni namba 28. Nimepakua tarbali la 3.2 kutoka OSGeo, nikalikompaili ndani ya kontena la Debian 11 kwa prefix ile ile ya /usr/local, kisha make install DESTDIR=/tmp/zamani. DESTDIR haibadilishi kile ambacho programu inaamini kuhusu makazi yake. Inageuza tu mahali mafaili yanapoangukia. Nikapata /tmp/zamani/usr/local ikiwa na mti mzima kama mkandarasi alivyoumwaga. find ikanipa orodha, orodha nikailinganisha na seva, yaliyolingana nikayafuta. Yamebaki machache ambayo hayakulingana, mengi ni ya chaguo alizowasha yeye na mimi sikuziwasha. Yale nimeyaangalia moja moja.

Python 3.10 nimeiacha kwa leo. Aliisakinisha kwa make install badala ya make altinstall, kwa hiyo kuna /usr/local/bin/python3 inayoitangulia ya Debian. Altinstall ingeweka python3.10 tu, ikaacha jina la python3 kwa mwenyewe. Programu za Debian zimenusurika kwa sababu zenyewe huita /usr/bin/python3 kwa njia nzima. Script zetu zinazoanza na env python3 ndizo zilizokuwa zikiangukia kwa mkandarasi.

Jumanne, 13 Agosti

Leo nimejenga. GDAL 3.9.1 peke yake. PROJ, GEOS, poppler na mteja wa PostgreSQL ni za Debian, kupitia vifurushi vyao vya -dev.

Nilijiuliza kwanza kama nitengeneze .deb. Kama tungekuwa na seva kumi ningefanya hivyo bila kusita: dpkg ingeijua, apt ingejua inategemea poppler ipi, na siku ya kuiondoa ni amri moja. Tuna seva moja. Kijana alipendekeza checkinstall, inayoitazama make install na kuifungia kifurushi. Inafaa kwa haraka, lakini kifurushi chake hakijui kinategemea nini usipokiambia, na hilo ndilo lililotuangusha Alhamisi.

Nimechukua GNU Stow. Kila programu inakaa na toleo lake ndani ya /usr/local/stow, yetu ikiwa /usr/local/stow/gdal-3.9.1, na ndani yake bin, lib, include, share. Stow inatengeneza viungo tu kutoka /usr/local/bin na wenzake kuelekea humo. Ukiandika ls -l /usr/local/bin unaona kila amri na mshale unaoonyesha kwao. Hilo ndilo daftari ambalo mtunza stoo alikuwa analiulizia, limejiandika lenyewe.

Mabishano yangu na mwongozo wa Stow yalikuwa juu ya prefix. Wao wanashauri ukompaili kwa prefix ya /usr/local kisha usakinishe kwenye folda la stow. Mimi nimeipa CMAKE_INSTALL_PREFIX folda lenyewe la toleo. GDAL huandika ndani yake njia ya share/gdal, na nataka 3.9.1 isome data za 3.9.1 hata siku nikiweka toleo jingine pembeni na viungo vikageuzwa wakati kazi ya usiku iko katikati. Nimeipa pia CMAKE_INSTALL_RPATH ya folda la lib humo humo, kwa hiyo ldd inaonyesha libgdal.so.35 ikitoka kwao moja kwa moja, bila LD_LIBRARY_PATH. Ya Debian ni libgdal.so.32. Namba mbili tofauti, haziwezi kuingiliana.

Nimekompaili kama mtumiaji wa kawaida, sudo nikaiita kwenye hatua ya kusakinisha tu. Halafu stow -n -v kwanza, inayosema itakachofanya bila kukifanya. Imekataa: kuna faili halisi ndani ya /usr/local/bin, gdal-config la mkandarasi lililoniponyoka jana. Stow haifuti kitu isichokijua. Nimelifuta mimi, nikarudia, ikapita. Kisha sudo ldconfig.

Mzee amefungua picha ya ECW. Kwa dakika kadhaa hakusema kitu, akiivuta huku na huku mpaka akafika kwenye mto aliokuwa anautafuta.

Jumatano, 14 Agosti

Kijana ameanza kunogewa. Amekompaili programu yake ya kukata ramani vipande vidogo na hakuniomba sudo. Amejiwekea ndani ya ~/.local kwa make install PREFIX=$HOME/.local. Makefile za mkono, zisizo na configure, mara nyingi husikia PREFIX ya herufi kubwa. Inabidi uifungue usome. Alilalamika kwamba amri haionekani. Faili la .profile la Debian huongeza ~/.local/bin kwenye PATH pale tu saraka inapokuwepo wakati wa kuingia, naye aliiunda baada ya kuingia. Ametoka, akaingia, ikaonekana.

Kwa kitu cha mtu mmoja, hapo ndipo mahali pake. Na sitampa nafasi ya kuandika /usr/local. Debian kwa miaka mingi iliikabidhi saraka ile kwa kundi la staff ili wasaidizi waandike bila sudo, lakini PATH ya root nayo huanza na /usr/local. Anayeweza kuweka faili linaloitwa ls ndani ya /usr/local/bin atasubiri tu root aandike ls.

Pip imemgomea vilevile: Debian 12 imezuia pip kuandika kwenye Python ya mfumo, kwa kufuata PEP 668. Nimemwelekeza kwenye venv. Python ya mkandarasi haina kizuizi hicho, na ndiyo sababu ninataka iondoke.

Ijumaa, 16 Agosti

Python 3.10 imeondoka. Kilichobaki ndani ya /usr/local ambacho sikijui ni script moja, /usr/local/bin/orodha2. Haina maelezo, haina jina la mwandishi, inasoma hifadhidata ya visima na kutoa CSV. Nimezitafuta crontab zote, vitengo vya systemd vyote, haitajwi popote. Tarehe yake ya mwisho kusomwa haina maana kwa sababu bakapu inasoma kila kitu.

Nimeiondolea ruhusa ya kuwaka, chmod -x, nikaiacha mahali pake.

Jumatatu, 19 Agosti

Saa tatu asubuhi mhasibu kapanda ngazi mwenyewe. "Dada, kile kialama changu cha kwenye skrini kimekufa." Ana aikoni kwenye kompyuta yake inayoingia kwenye seva kwa ssh na kuiita orodha2, kila Jumatatu, kupata visima vilivyolipiwa wiki iliyopita. Aliwekewa na mkandarasi.

Nimeirudishia ruhusa. Script zetu wenyewe hazihitaji stow, faili moja linaweza kukaa /usr/local/bin lenyewe, lakini hii nimeibadilisha jina kuwa visima-vilivyolipiwa, nikaandika juu yake inatumiwa na nani na inaitwa kutoka wapi, na nakala yake nimeiweka kwenye git pamoja na amri ya cmake ya GDAL. Aikoni ya mhasibu nimeirekebisha pia. Amenikumbusha kwamba aliwahi kuomba ya pili, ya visima visivyolipiwa, na hakuna aliyemjibu. Nimemwambia hadi Ijumaa.